Autel AL319: taa tatu za kutazama kabla ya kupeleka gari kwenye ukaguzi wa moshi

Katika majimbo mengi ya Marekani, gari la petroli la 2000 na kuendelea halichomekwi tena kipimo kwenye ekzosi. Mkaguzi anachomeka waya kwenye soketi ya OBD2, ile ya pini 16 chini ya dashibodi, na kuiuliza kompyuta ya gari mambo mawili: ina kodi za hitilafu, yaani alama za makosa iliyoyahifadhi, na imeshamaliza kujipima? Hilo la pili ndilo linalorudisha magari mazima nyumbani bila cheti, na AL319, kifaa cha mkononi cha kusoma kompyuta ya gari, inalijibu vizuri kuliko vifaa vingi vya daraja lake.

Haina betri, inapata umeme kwenye soketi yenyewe. Chomeka, washa injini, bonyeza kitufe cha I/M, yaani cha utayari wa gari kwa ukaguzi. Taa ya kijani maana yake vipimo vimekamilika na hakuna kodi. Nyekundu, kuna kodi. Njano, kuna kodi inayosubiri kuthibitishwa au kuna kipimo ambacho hakijakamilika.

Tatizo letu na kifaa hiki ni hiyo njano, kwa sababu haijui sheria ya jimbo lako. Texas na New York zinaruhusu gari la 2001 na kuendelea liwe na kipimo kimoja kisichokamilika. California, kwa gari la petroli la 2000 na kuendelea, inaruhusu kimoja tu, na lazima kiwe EVAP, yaani mfumo wa kunasa mvuke wa petroli. Kwa hiyo njano inaweza kufaulu au kufeli. Usiishie kwenye rangi, soma orodha. OK ni kimekamilika, INC bado, N/A gari halina mfumo huo na hauhesabiwi. Kama menyu inakupa chaguo mbili, chagua hali tangu kodi zilipofutwa, maana ndiyo anayoitazama mkaguzi. Ile ya safari ya sasa huanza upya kila unapowasha gari, na imewatia watu wengi hofu ya bure.

Sehemu ya kufuta kodi usiiguse wiki ya ukaguzi. Kufuta kodi, sawa na kuchomoa betri, kunarudisha vipimo kwenye INC. Fundi anayefuta kodi asubuhi na kukuambia uende kukagua mchana amekupotezea siku. California inakwenda mbali zaidi: kwa gari la 2010 na kuendelea inatazama pia kodi za kudumu, ambazo hakuna kifaa kinachozifuta. Zinaondoka gari lenyewe likithibitisha kwamba limepona, au hazihesabiwi baada ya injini kupata moto mara 15 na gari kutembea maili 200, kama kilomita 320, tangu kodi zifutwe. Magari mengi hutoa namba hizo mbili kwenye data za moja kwa moja, nazo zinafaa kutazamwa kabla ya kulipia.

Vipimo vikibaki INC, gari linahitaji kuendeshwa, si kuachwa likiunguruma nje ya nyumba. Lilaze kwa muda wa saa nane bila kuwashwa, tenki liwe kati ya robo na robo tatu. Tenki likijaa pomoni, EVAP haianzi kabisa. Asubuhi liwashe, liache dakika mbili tatu, pita mjini kwenye taa za barabarani, kisha barabara kuu kwa mwendo usiobadilika wa maili 55 kwa saa kwa dakika kumi hivi. Ukitoka, achia mafuta na liache lipungue mwendo lenyewe bila breki. Kila kampuni ina utaratibu wake kwenye kitabu cha gari, na huo ndio wa kufuatwa ukiwepo.

Siku kadhaa zikipita bila mabadiliko, tazama joto la maji ya injini kwenye AL319 hiyo hiyo. Kama halifiki nyuzi 80 za Selsiasi hata barabara kuu, huenda thermostati, vali inayodhibiti mzunguko wa maji hayo, imeganda ikiwa wazi. Injini haipati moto wa kutosha, na vipimo vingi havianzi. Kipuri chenyewe ni cha bei ndogo, lakini tumeona watu wakibadilishiwa masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, kwa kosa hili. Masega hayapimwi kabla sensa za oksijeni hazijathibitika kuwa nzima, kwa hiyo INC ya masega mara nyingi inazungumzia sensa. Kwa EVAP, anza na mfuniko wa tenki: mpira ukipasuka, kodi P0455, ya uvujaji mkubwa wa mvuke, inaweza kutokea.

AL319 haisomi ABS, mfumo wa kuzuia breki zisigande, wala mifuko ya hewa, na anayetaka hayo atazame AL619. Kwa ukaguzi wa moshi tunaipendelea kuliko vile vidude vya ELM327 vya bei ya kutupa, vinavyochomekwa kwenye soketi na kusomwa kwa simu, ambavyo vingi ni nakala zisizoelewa amri zote, na vile vya Bluetooth ya zamani havishikani na iPhone.