Kliniki ya damu na kinga ya watoto: nyota nne

Kama una mtoto aliyezaliwa na kinga pungufu mpeleke hapa, nasema hivyo kama mama wa mtoto mwenye Wiskott-Aldrich, ugonjwa wa kurithi wa kinga na damu. Wengi hawajaisikia, inawapata zaidi wa kiume na inapitia kwetu akina mama, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinakuwa chache halafu ndogo, kwa hiyo damu puani haiishi, ukurutu mwilini, masikio kutoa usaha kila mara.

Ila kilichonifanya niandike ni tezi kuvimba. Watoto hawa wana hatari kubwa ya limfoma, yaani saratani ya tezi, kuliko wenzao, na kwingine kote tulikopita hakuna aliyetuambia, ni antibayotiki tu na maneno ya zitashuka zenyewe. Hapa kila mkienda dokta anamvua shati, anapapasa shingo, kwapa, kinena, anabonyeza tumbo kuangalia bandama na ini, hana haraka kabisa, na anaandika ukubwa wa kila tezi ili mkirudi alinganishe. Nilivyomuuliza kwanini limfoma alinieleza vizuri jamani, kuna kirusi kinaitwa Epstein-Barr, kinapita kwenye mate na huku kwetu karibu kila mtoto anakipata mapema, ni kile kilichogunduliwa 1964 kwenye uvimbe wa Burkitt, nao ni aina ya limfoma, wa watoto wa Uganda. Mwenye kinga nzima anakaa nacho maisha yote wala hajui, ila kwa mwanangu seli zilizoingiwa zinaweza kuzaliana tu bila wa kuzizuia hadi inakuwa saratani. Kwa hiyo tezi isiyouma inayozidi kukua, homa isiyoeleweka, jasho la usiku mpaka shuka linalowa, kukonda, nisisubiri tarehe, nije hapohapo, na ikibidi wanatoa kinyama wakapime, ila kwanza wanaangalia chembe sahani asije akavuja damu.

Manesi nao Mungu awabariki, watoto wenye kinga ndogo hawakalishwi foleni moja na wanaokohoa, na wameandika kwa wino mwekundu kwenye kadi kwamba asipewe chanjo zenye vijidudu hai.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu majibu ya vipimo vya kinga yanachelewa mno, na imunoglobulini, ile dawa ya kingamwili za kuongezewa, bei yake inaumiza na kuna wakati haipo kabisa. Kupandikiza uboho ndiyo tiba yenyewe, walitwambia ukweli mapema, dada yake ameshapimwa kama uboho wake utamfaa, tunangoja majibu.