"Rocket 88" kwenye santuri: nyota nne, na moja nimeikata kwa sababu ya tundu

Nimenunua toleo jipya la "Rocket 88", wimbo alioimba Jackie Brenston, kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Nianze na onyo: kama spika uliyonayo ni ya simu tu, tunza hela yako. Wimbo huu ulirekodiwa mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, na utamu wake umelala chini kabisa, kwenye besi, mahali ambapo simu haifiki.

Huko chini kuna gitaa la Willie Kizart. Machi 1951 Ike Turner na vijana wake wa Kings of Rhythm walitoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi kwa mtayarishaji Sam Phillips, na njiani amplifaya ya gitaa ikaharibika. Wapo wanaosema ilianguka, wapo wanaosema ilinyeshewa. Phillips akaisokomeza karatasi ndani ya spika, kazi ikaendelea. Ukivaa hedifoni za maana utalisikia gitaa linavuma kama nyuki ndani ya debe, likitembea na besi mwanzo hadi mwisho, wala hakuna aliyejaribu kulificha. Wapiga gitaa wa roki waliokuja baadaye walinunua vifaa maalumu kuutafuta mkwaruzo wa aina hiyo.

Watu hubishana kama hii ndiyo rock and roll ya kwanza; ubishi huo mimi unanichosha. Afadhali usikilize piano ya Ike pale mwanzo. Alikuwa na miaka 19 tu. Kisha weka "Good Golly, Miss Molly" ya Little Richard, iliyotoka 1958. Mwanzo ni uleule, na Richard mwenyewe hakukana alikoutoa. Hata Jackie Brenston, aliyeimba, alijenga wimbo huu juu ya "Cadillac Boogie" ya Jimmy Liggins, akabadilisha gari tu: sasa anaisifia Oldsmobile Rocket 88. Bill Haley naye akaurudia mwaka huohuo wa 1951.

Kwenye lebo imeandikwa Jackie Brenston na Delta Cats wake. Bendi ya Ike, piano ya Ike, jina la bendi halimo! Na wimbo ukapanda hadi namba moja kwenye chati ya R&B ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Ningekuwa Ike ningenuna mpaka leo.

Sasa bidhaa yenyewe. Sauti ni safi, mikwaruzo michache, na saksafoni ya Raymond Hill inatoka imejaa bila kukuumiza masikio. Upande wa pili, "Come Back Where You Belong", ni wa polepole, na mimi sijaugeuza mara nyingi. Kero ni tundu la katikati: ni pana la Kimarekani, na kile kiplastiki cha kuziba hakimo kwenye pakiti. Nilipomuuliza muuzaji akajibu kinauzwa kivyake. Kwa hiyo kabla hujalipa, angalia kama mashine yako ilikuja nacho.