Pumu ya utotoni: useme au unyamaze?

Vijana wa Tabora mnaotaka uafisa wa jeshi kule chuo cha kijeshi Monduli, hili mnaniuliza sana: kwenye fomu ya afya useme uliwahi kuugua pumu utotoni, au unyamaze? Ukinyamaza fomu inapita haraka, roho inatulia kwa muda, ila Monduli kuna baridi na vumbi, mnakimbia alfajiri na hewa ya baridi ndo inaamsha pumu, kifua kikianza kupiga filimbi pale huna dawa ya kuvuta na mkufunzi hajui kitu, hayo ni maisha yako mdogo wangu. Ukisema, na mi nasimama huku kabisa, kweli unaweza kukatwa kwenye usaili, inauma. Lakini unaongea na karatasi mkononi: nenda hospitali ya Kitete, daktari akupime kifua, aandike ulibanwa lini mara ya mwisho. Hata jeshi la Marekani linachouliza hasa ni kama ilikusumbua baada ya kutimiza miaka 13.