Roketi ndogo ya kurusha: ununue ipi kwanza?

Usidanganywe na picha ya boksi. Ligeuze usome upande wa nyuma, kwa sababu seti nyingi za roketi huuzwa bila injini, na nyingine bila betri wala zile karatasi zisizoshika moto zinazoukinga mwavuli wa kuishushia roketi. Kikikosekana kimoja, mtoto atalia na roketi itakaa kabatini.

Namba moja kwangu ni seti kamili ya roketi iliyokwisha kuundwa, yenye jukwaa, fimbo ya kuongozea na swichi ya umeme yenye ufunguo wa usalama. Hakuna gundi wala rangi. Kama duka linaruhusu kufungua, shika mapezi moja moja uone kama yanalegea, kisha itazame roketi kutokea mkiani: pezi lililopinda litaipeleka kombo. Vuta na pua. Inatakiwa itoke bila kung'ang'ania, maana ikikwama mwavuli hautoki, na roketi itarudi chini kama mkuki.

Kati ya mwavuli na utepe, yaani ukanda mrefu unaopepea badala ya mwavuli, kwa roketi nyepesi mimi nachukua utepe. Inashuka haraka kidogo, lakini upepo hauipeperushi mbali.

Namba mbili ni ile ya kuunganisha kidogo, mfano Alpha III ya kampuni ya Estes. Mapezi yake yote ni kipande kimoja cha plastiki, hivyo hayawezi kubandikwa upande. Mwenye subira anaweza kuipandisha ikawa ya kwanza.

Namba tatu ni roketi ya hewa, ya kukanyaga kwa mguu. Haina moto, basi kwa watoto wadogo ndiyo hiyo. Ya mwisho ni ile ndefu, nzito, ya kutamanisha, inayotaka injini kubwa, ya D au E. Iache kwanza.

Sasa injini. Chukua A8-3. Herufi ni jumla ya nguvu, na kila herufi inayofuata inaweza kufikia maradufu ya iliyotangulia. 8 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. 3 ni sekunde za kusubiri tangu msukumo uishe hadi chaji ndogo itoe mwavuli au utepe. Boksi likijisifia injini ya C, usiwe na haraka: roketi nyepesi yenye C inaweza kupita mita 300, na kuitafuta itakula jioni yako yote. A inahitaji uwanja wa wazi wenye upana wa mita 30 hivi. C inataka 120.

Pima pia waya wa swichi, ukuwezeshe kusimama angalau mita 5 kutoka kwenye roketi. Ukibonyeza isiwake, toa ufunguo na usubiri dakika nzima ndipo usogee. Angalia kwanza klipu za waya zinazoshika kiwashio cha injini; mara nyingi zimegusana tu.