Deikea mbili za Kisumu nilizompeleka mwanangu

Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inatupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Niliongezea siku zangu za mapumziko ya mwaka, zikaisha nazo. Mama yangu yuko Siaya, ana ng'ombe na shamba, asingeweza kuhamia kwangu. Ikabaki deikea.

Ya kwanza, upande wa Kondele, niliichagua kwa macho. Ukutani wamechora twiga na tembo, bembea mpya, walezi wana sare, na mwenye kituo anajua kuongea na mzazi. Nilikwenda kuitazama saa mbili asubuhi, watoto ndio kwanza wanafika, wameoga, wameshiba. Nikalipa ya mwezi mzima papo hapo. Saa mbili asubuhi kila deikea inapendeza.

Kilichonishtua ni chupa. Nilikuwa nakamua maziwa alfajiri, na nje ya friji hayakai salama zaidi ya muda wa saa nne hivi, sembuse kwa joto letu. Niliambiwa friji ipo. Lakini jioni chupa ya pili ilirudi imejaa vilevile, siku baada ya siku, na mtoto akinishika hataki kuachia titi. Alhamisi moja nikaomba ruhusa kazini, nikapanda tuktuk, nikafika saa saba mchana bila kupiga simu. Nilimkuta binti mmoja peke yake na watoto kumi na wanne, wote wadogo wa kubebwa au wanaoanza kutembea. Wangu alikuwa amefungwa kwenye kiti mbele ya runinga, pampasi imevuja hadi mgongoni, na halii. Nilimjua mwanangu, akilowa kidogo tu nyumba nzima husikia. Kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko ile pampasi. Yule binti sikumgombeza, maana hata mimi nisingewaweza kumi na wanne. Nilimchukua mtoto na mkoba wake, hatukurudi. Pesa za mwezi sikurudishiwa.

Ya sasa iko Migosi, nyumba ya kawaida isiyo hata na kibao mlangoni. Nilielekezwa na mama anayeniuzia mboga. Safari hii nilikwenda mara tatu kabla ya kutoa shilingi yoyote: saa nne, saa saba, kisha jioni wazazi wakichukua watoto wao, nikawauliza wawili watatu pembeni. Mwenyewe ni mama wa makamo, watoto wanamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Kabla ya kutaja bei aliomba kitabu cha kliniki. Akakifunua pole pole, akaniuliza kuhusu chanjo ya malaria, hii iliyoanza kutolewa pande zetu za ziwa mwaka 2019, ambayo mtoto huianza akiwa na miezi sita.

"Tarehe yake imekaribia, mama, usiipitishe," akaniambia. Kisha akauliza, "Akiwa na njaa analia vipi? Na akitaka kulala?"

Kule kwa kwanza hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilijikuta namwigizia kilio cha mwanangu pale sebuleni, naye anasikiliza kwa makini kabisa.

Walezi ni wawili, watoto saba. Jiko la makaa liko uani, nje kabisa, mlango wa kwenda huko una komeo la juu. Wananawa mikono kwa sabuni kila wakibadilisha pampasi, nimewaona kwa macho yangu, mchana, nikiwa sikutarajiwa. Watoto wanalazwa chali. Kuna daftari: saa aliyonyonya, kiasi alichobakisha, saa aliyolala. Jioni nalisoma kabla hata ya kumbeba.

Bei ni shilingi 200 kwa siku, kule kwingine ilikuwa 150. Kwangu si kidogo, lakini nalipa bila kinyongo. Wanafunga saa kumi na moja na nusu kamili, na mvua za masika zikianza ile njia inajaa tope, tuktuk haziingii, unavua viatu. Mfereji ukikauka wananunua maji ya mkokoteni, kwa hiyo maji ya kunywa ya mtoto nampelekea mwenyewe, yaliyochemshwa.

Sasa anatambaa, na kile kipandio cha mlango wa mbele kinanitia hofu. Nimemwambia Dani. Amesema fundi wa geti dogo anakuja Jumamosi, nami nitapita Jumatatu saa saba kuliona.