Vitamini B Kompleksi: Ipi Inunuliwe, Ipi Ibaki Dukani

Mtu akiingia duka la dawa Kariakoo au katikati ya Nairobi na kuomba vitamini B kompleksi, anaweza kupewa kibahasha chenye vidonge vilivyohesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, au kichupa kilichoagizwa kutoka Marekani kwa bei iliyo juu mara nyingi zaidi, na muuzaji akaviita vyote kwa jina hilo hilo. Jina halisemi kilichomo. Kundi la B lina vitamini nane, yaani B1, B2, B3, B5, B6, B7, B9 na B12, lakini bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina hilo hazina zote nane, na nyingine zina viwango vinavyozidi mahitaji ya siku mara themanini. Kwa sababu hiyo nimezipanga bidhaa hizi kwa miligramu zilizoandikwa kwenye lebo, na kwa jinsi tumbo na mishipa ya fahamu vinavyoweza kuzistahimili zikitumiwa kwa miezi. Bei na nchi zilikotoka nimeviweka nyuma.

Kwa siku moja mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1.2 za B1, kiasi kinachokaribia hicho cha B2, miligramu 14 hadi 16 za B3, miligramu 1.3 za B6 (huongezeka kidogo baada ya miaka 50), mikrogramu 400 za folati, ambayo ndiyo B9, na mikrogramu 2.4 tu za B12. Anayekula maharage, mayai, maziwa, dagaa au maini mara kwa mara, na ugali wa dona badala ya sembe, kwa kawaida hupata kiasi hicho bila kununua chochote, na mfamasia anayemwambia hivyo ni wa kuaminiwa. Wenye sababu ya kununua ni wale wanaokula vyakula vya mimea pekee, wazee ambao matumbo yao hunyonya B12 kwa shida, wanaotumia metformini (dawa ya kisukari) au omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) kwa miaka, wanaokunywa pombe kwa wingi, na wanawake wanaotarajia kushika mimba, ambao hushauriwa kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki (B9 ya kwenye vidonge) kila siku tangu kabla ya mimba kutungwa.

Nafasi ya kwanza naipa kidonge cha kiwango cha wastani chenye vitamini zote nane, ambacho B6 yake haizidi miligramu 10, asidi yake ya foliki iko karibu na mikrogramu 400, na B3 yake imeandikwa “nicotinamide” au “niacinamide”. Sharti hilo la mwisho lina uzito wake, kwa kuwa aina nyingine ya B3, iliyoandikwa “nicotinic acid” au “niacin” tu, huweza kuufanya uso na kifua viwake moto na kuwasha muda mfupi baada ya kumeza, na wengi huacha kutumia kwa kudhani wamepata mzio. B12 ikiwa mikrogramu 100 au hata 500 isimtishe mnunuzi, kwani kwa dozi kubwa mwili hunyonya sehemu ndogo sana, na haijawekewa kikomo cha juu. Wauzaji wa vichupa vya bei ghali hupenda kusifu B12 ya aina ya methilikobalamini. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kulipia zaidi, maana sianokobalamini ya kawaida haiharibiki upesi na hufanya kazi yake vizuri.

Nafasi ya pili ni ya vile vidonge vya kopo, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Vingi hufuata fomula ya zamani ya Uingereza: cha kawaida kina miligramu 1 ya B1, miligramu 1 ya B2 na miligramu 15 za nikotinamidi (B3), na kile kinachoitwa “strong” kina miligramu 5 za B1, 2 za B2, 2 za B6 na 20 za nikotinamidi. Ni viwango vya upole, havisumbui tumbo, na bei yake haina mpinzani. Lakini fomula hizo mbili hazina folati wala B12 hata chembe. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka, ambaye miguu imeanza kufa ganzi, anaweza kumeza vidonge hivi mwaka mzima akiamini anajitibu, ilhali kitu anachoweza kuwa amepungukiwa hakimo. Mtu wa namna hiyo apimwe B12 kwanza, kisha atibiwe kwa B12 yenyewe. Tena asijaribu kufidia kwa asidi ya foliki peke yake, kwa sababu hiyo huweza kuondoa upungufu wa damu na hivyo kuficha upungufu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

Anayenunua vidonge vya kuhesabiwa ana haki ya kuomba aonyeshwe kopo lenyewe. Aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la kiwanda na namba ya usajili, kisha avitazame vidonge: vikiwa vinanata, vina madoa au rangi imepauka upande mmoja, avikatae, kwa kuwa unyevu huharibu B1 na mwanga huharibu B2.

Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinashika nafasi ya tatu. Vinamfaa asiyeweza kumeza, ila vingi vina sodiamu ya kutosha kumfanya mwenye shinikizo la damu aulize kwanza.

Chini kabisa naviweka vichupa vyenye miligramu 50 au 100 za karibu kila vitamini, pamoja na vile “vidonge vya neva” vyenye miligramu 100 za B1 na miligramu 200 za B6 vinapotumiwa kila siku bila daktari. Kikomo cha B6 kwa mtu mzima Marekani ni miligramu 100 kwa siku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka miligramu 12 mwaka 2023. B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi na kuchomachoma kwenye vidole vya mikono na miguu, yaani dalili zile zile zilizompeleka mtu dukani, naye huongeza dozi. Anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu na amepewa B6 kliniki aendelee na aliyopewa, asijiongezee nyingine. Sindano ya B kompleksi kwa ajili ya uchovu wa kawaida sikuipanga kabisa.

Kidonge chochote cha kundi hili humezwa vizuri zaidi baada ya chakula, hasa cha asubuhi, kwa kuwa kwenye tumbo tupu huweza kuleta kichefuchefu. Mkojo kuwa wa njano kali ni B2 iliyozidi inatoka, na haina madhara. Mwenye kutumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, yaani B7, amwambie mpimaji kabla ya kutolewa damu, kwani biotini huweza kupotosha majibu ya vipimo vya tezi ya shingo na hata vya moyo, jambo ambalo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ililitolea tahadhari mwaka 2017.

Kuhusu ubora, kidonge kilichosajiliwa kama dawa kimepitia TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya kabla ya kuuzwa. Kichupa cha Marekani kinachouzwa kama kirutubisho hakikuidhinishwa na FDA kabla ya kufika sokoni, kwa sheria yao ya mwaka 1994, hivyo chenye alama ya uhakiki ya USP, shirika huru la Marekani linaloweka viwango vya ubora wa dawa, ndicho cha kupendelewa. Pakiti ambayo kila kidonge kimefungwa peke yake huvumilia joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kuliko kichupa kinachofunguliwa kila asubuhi, na ukinunua ya mwezi mmoja utajua kama tumbo linaikubali kabla ya kulipia ya miezi sita.