Rimoti ya kupigia picha za nyota: kabla hujalipa, tafuta swichi ya kuzimia

Mwezi Juni, saa saba usiku, ufukweni Ushongo kule Pangani. Giza totoro, Njia Nyeupe imekaa karibu na utosi, kamera iko kwenye stendi. Nikatoa kwenye begi rimoti ya saa, ile inayojihesabia muda na kuipigisha kamera yenyewe, niliyoinunua Desemba. Kioo cheusi. Nikabonyeza kila kitufe, wapi! Betri zimekufa, na hiyo rimoti nilikuwa nimeitumia mara mbili tu. Maduka yamefungwa, ikabidi nirudi gesti, nifungue rimoti ya televisheni, nichomoe betri zake mbili. Asubuhi nilizirudisha kabla mhudumu hajagundua. Dada, kama unasoma, nisamehe.

Rimoti ile haina pa kuzimia. Ukishaiweka betri, kioo kinakaa kimewaka usiku na mchana, miezi nenda rudi, hata ikiwa kabatini. Mbaya zaidi, kitufe cha kuanzia kikigongwa na lenzi ndani ya begi, inaanza kuhesabu na kupepesa taa nyekundu, inapiga picha hewa. Watu wanauliza urefu wa waya, rangi, idadi ya vitufe. Hili la kuzima sijasikia mtu akiliuliza dukani, na mimi sikuuliza.

Sasa, ya kwanza kwangu ni rimoti ya waya, Canon RS-60E3. Mimi ni mtu wa Canon, silifichi hilo. Lakini tazama: haina betri. Ndani kuna vibati vinavyogusana ukibonyeza, basi. Waya wake ni sentimita 60, na kitufe ukikibonyeza mpaka mwisho kisha ukakisukuma mbele, kinajifunga. Hapo ndipo utamu ulipo. Weka muda wa shata, yaani lile pazia la kamera linaloingiza mwanga, sekunde 30, kamera iwe kwenye hali ya kupiga mfululizo, funga kitufe, kaa chini unywe chai yako. Itapiga moja baada ya nyingine mpaka betri ya kamera iishe au kadi ijae. Ukiziunganisha kwenye kompyuta unapata michirizi ya nyota. Kwa saa moja anga huzunguka nyuzi 15, kwa hiyo saa mbili zinatosha kupata picha ya maana. Zima otofokasi, yaani kamera kujilengea yenyewe, la sivyo kamera itatafuta cha kushika gizani na kugoma kupiga. Zima pia ile kazi ya kupunguza chengachenga kwenye picha za muda mrefu, kwa sababu baada ya kila sekunde 30 kamera inachukua nyingine 30 kujisafisha, na michirizi yako itakatikakatika kama mshono wa fundi mwanafunzi.

Wenye Nikon wana MC-DC2, nayo haina betri. Ila kabla hamjatoa hela fungueni menyu: Nikon nyingi zina saa ya kupiga picha zenyewe kwa vipindi humo humo.

Ya pili ni rimoti ya saa yenye swichi ya kuzimia, kwa anayetaka kufungua shata dakika tatu au nne mfululizo, maana kamera nyingi zenyewe zinaishia sekunde 30. Pixel TW-283 isiyo na waya inasifiwa sana. Mimi naiona ina vipande viwili, kila kimoja na betri zake, yaani sababu mbili za kwenda kuiba betri gesti.

Za taa ya infraredi ni rahisi, lakini jicho lake kwenye kamera mara nyingi liko mbele, na wewe umesimama nyuma. Simu nayo inafanya kazi, ila mwanga wake unakuharibia macho yaliyokwisha kuzoea giza. Tuziache hizo.

Nimalizie na wauzaji. Nilipokuwa nanunua ile rimoti yangu, duka moja Kariakoo niliuliza pini, yaani ile ncha ya waya inayoingia kwenye kamera, nikaambiwa "hii inaingia Canon zote." Haiwezekani. Kamera kama 700D na 80D zinatumia pini nyembamba ya milimita 2.5, mfano wa ile ya hedifoni lakini ndogo. 5D Mark IV inatumia N3, ya duara yenye sindano tatu ndani. Haziingiliani hata ukizilazimisha. Nilitoa shilingi 45,000 nikijiona nimepunguziwa, kumbe duka la tatu kutoka pale iko hiyo hiyo, boksi lile lile, 25,000. Niliporudi kulalamika kuhusu swichi, kijana wa dukani hata hakuinua macho kwenye simu yake: "Dada, ukimaliza si unatoa tu betri?"

Ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Kimfuniko kimeshakatika meno, nakifunga kwa rababendi.